Mtego gani unafaa kwa biva aliyeziba kalvati?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Tumekodi shamba la mboga nje ya Lewiston, jimbo la Maine. Mwaka huu biva (beaver, mnyama anayejenga mabwawa kwa miti na tope) wameziba kalvati, yaani bomba la kupitisha maji chini ya njia ya kuingilia shambani, na maji yamepanda hadi kwenye matuta ya mahindi na mnavu. Dukani nimeonyeshwa mtego mkubwa wa mraba, mtego wa kubana mguu, na kizimba cha nyavu ambacho bei yake imenishtua. Nyumbani nilikuwa nikitega ndezi kwa kitanzi cha waya. Ninunue upi, au kitanzi changu kitatosha?

JIBU: Njema, ndugu, na pole kwa mazao. Kwa kalvati lililozibwa, mtego unaotumiwa zaidi na wategaji wa biva ni huo wa mraba, unaoitwa namba 330, ukiwa umezamishwa majini. Hata hivyo naomba usiulipie kabla hujasoma hadi mwisho, kwa sababu huenda fedha hiyo ikafanya kazi kubwa zaidi kwingine.

Kitanzi chako cha ndezi kiweke kando. Ndezi ni mnyama wa kilo chache, lakini biva aliyekomaa ana kilo 16 hadi 30, shingo nene na nguvu za kusokota waya mwembamba mpaka ukakatika. Atakwenda zake na kipande kimemkaa mwilini, na kidonda hicho kitamtesa kwa muda mrefu. Vitanzi vya biva vipo, ila husukwa kwa nyaya nyingi nyembamba za chuma, vina kufuli dogo na kiungo kinachozunguka ili visijisokote. Kuna majimbo yanayoviruhusu na yanayovikataza.

Sasa huo 330. Ni fremu mbili za chuma, kila moja ikiwa na upana wa karibu sentimita 25, zinazosukumwa na springi mbili. Biva anapopita katikati anagusa kifyatuo, fremu zinageuka na kumpiga shingoni au kifuani, naye hufa upesi. Aliyebuni mtego wa aina hii ni Frank Conibear, mtegaji wa Kanada aliyesumbuliwa na mateso ya wanyama waliobanwa miguu kwa saa nyingi, na uliingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1950. Usishawishike kuchukua namba 220 kwa sababu ni nafuu. Ule una upana wa karibu sentimita 18, ni wa wanyama wadogo kuliko biva, na unapompiga mahali pasipostahili haumuui. Ukubwa unaolingana na mnyama ndio huruma ya kwanza ya mtegaji.

Lazima niseme wazi kuhusu hatari. Springi za 330 zinaweza kuuvunja mkono wa mtu mzima, tena ukibanwa mkono mmoja ni vigumu sana kujifungua kwa ule mwingine. Pamoja na mtego nunua koleo refu la kutegea na kishikizo cha usalama, na uwe na kamba imara mfukoni. Kamba hiyo ikipitishwa kwenye macho ya springi na kuvutwa kwa mguu, inazibana hata kama mkono mmoja umenaswa. Fanya mazoezi nyumbani, nchi kavu, ukiwa na mtu karibu. Kulabu za usalama zilizo juu ya springi hutolewa mwisho kabisa, mtego ukishakaa mahali pake. Na kamwe usiutege nchi kavu. Mbwa wa jirani akiingiza kichwa hatoki mzima, na watoto wanaocheza shambani nao hawajui kilichomo.

Mahali pa kuutega ndipo penye ufundi. Biva ana njia zake: mfereji alioulima chini ya maji, sehemu laini anapouvuka ukuta wa bwawa lake, mlango wa kalvati. Tafuta tope lililosuguliwa na vijiti vilivyotafunwa gome. Mtego husimamishwa ndani ya njia hiyo, na mti mkavu hulazwa usawa wa maji juu yake, maana biva akikutana na kizuizi juu hupiga mbizi na kupita chini. Vigingi navyo viwe vya miti mikavu. Ukichomeka mti mbichi, atautafuna au kuubeba. Nyaya za kifyatuo zisogeze upande mmoja badala ya kuziacha katikati. Fisi-maji ana mwili mwembamba, na nafasi hiyo humsaidia kupenya bila kudhurika. Mtego utazamwe kila siku.

Mtego wa kubana mguu ni kazi ya mzoefu. Huwekwa majini pale biva anapopandia ukingoni, na chambo chake ni harufu ya tezi za biva mwenzake. Sharti ufungwe kwenye waya wa chuma unaoelekea kwenye kina, wenye kufuli la kumruhusu ashuke bila kurudi juu, ili afe kwa kukosa hewa. Bila waya huo na kina cha kutosha, anabaki ukingoni akihangaika, na wengine huponyoka na jeraha. Kwa mtu anayeanza, siushauri.

Kizimba kinafunga kama sanduku la safari, mnyama akiwa katikati, hai. Ni kizito na ghali kama ulivyoona, na swali linalofuata ni utampeleka wapi. Kumhamisha mnyamapori kunahitaji kibali, na biva uliyemwachia kwingine ataziba kalvati la mtu mwingine. Hata hivyo kuna sehemu ambako sheria inauelekeza mkono wako huko. Massachusetts, si mbali na kwenu, wapiga kura walipiga marufuku mitego ya kubana mwili mwaka 1996, na tangu 2000 inaruhusiwa tu kwa vibali vya dharura. Usiige ushauri wa mtegaji wa jimbo jingine.

Kwenu Maine, anayeomba leseni ya kutega kwa mara ya kwanza hutakiwa awe amepita kozi ya utegaji. Wewe pia ni mpangaji, kwa hiyo mwenye ardhi ashirikishwe. Pigieni simu idara ya wanyamapori ya jimbo, Maine Department of Inland Fisheries and Wildlife, mweleze uharibifu. Wana wategaji walioidhinishwa kwa matatizo ya aina hii. Waulizeni pia kuhusu kuvunja ukuta wa bwawa, msiubomoe kwanza. Na kama kalvati liko chini ya barabara ya mji, huenda kazi hiyo ni ya mji wenyewe.

Hapa ndipo ninapotaka fedha yako iende. Ukiwaondoa biva wote leo, mwakani huenda wakaja wengine. Vijana wa miaka miwili huacha kundi la wazazi kila majira ya kuchipua na kutafuta makao, na kalvati kwao ni ukuta uliokwisha kujengwa, umebaki tundu moja tu la kuziba. Kinachowaita ni maji yanayotiririka: mtafiti Lars Wilsson wa Sweden aliwasikilizisha biva sauti ya maji kwenye spika, nao wakajenga juu ya sauti hiyo.

Dawa ni kuzungushia mdomo wa kalvati uzio wa wavu mzito wa chuma, wenye matundu ya karibu sentimita 15, uliosogezwa mbele na kupanuka kadiri unavyoingia bwawani. Biva anapojaribu kuuziba, anakuta kazi ndefu na anasukumwa mbali na sauti. Bomba pana la plastiki hupitishwa kwenye uzio, mdomo wake wa bwawani ukifunikwa kwa kizimba cha wavu na kulazwa kwenye kina, ili maji yaingie kimyakimya. Kimo utakacholiweka bomba ndicho kinachoamua maji yasimame wapi, kwa hiyo pima kutoka kwenye tuta lako la chini kabisa.

Mkiamua kutega pia, vaeni glavu za mpira kila mnaposhika mzoga, kwa sababu biva wanaweza kubeba ugonjwa wa tularemia unaompata mtu kupitia michubuko ya ngozi.