Mparuo bandia wa kulungu: anza na tawi

Ndugu yangu wa Lancaster, umeuliza kama inafaa kununua chupa nyingine ya mkojo wa kulungu kwa ajili ya mparuo bandia, yaani mahali ambapo mwindaji hukwangua udongo kuiga alama ya harufu ambayo dume huiacha kwa kuparua ardhi. Umeeleza kwamba mwanzoni mwa Oktoba ulikwangua udongo chini ya mwaloni mkubwa, ukamimina dawa uliyouziwa dukani, na hadi leo kamera yako imenasa majike wawili tu waliopita kando bila kusimama. Mimi huwinda kwa upinde katika milima ya kati ya jimbo letu la Pennsylvania, Marekani, na kila mwaka hutengeneza mparuo bandia kabla ya msimu, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu. Katika maelezo yako yote hukulitaja tawi hata mara moja, na tawi ndiyo kazi yenyewe.

Kulungu wa huku, huyu mwenye mkia mweupe anaounyanyua anapotimka, hutegemea sana harufu katika kupashana habari na wenzake. Kuanzia mwishoni mwa Septemba, na zaidi Oktoba inapokaribia kwisha, dume huchagua mahali ambapo tawi linaning'inia juu ya njia yake, huparua ardhi kwa kwato za mbele hadi majani yaondoke na udongo mtupu ubaki, kisha huacha harufu yake juu na chini. Chini hubaki harufu ya tezi zilizo katikati ya kwato pamoja na mkojo, ambao huutiririsha kwa makusudi juu ya vishungi vya manyoya vilivyo upande wa ndani wa viungo vya miguu ya nyuma. Juu hubaki mate yake, harufu ya paji la uso na ile ya tezi iliyo kwenye kona ya jicho. Mparuo wa chini huachwa msimu unapopita na kufunikwa na majani, ilhali tawi hunuswa na kulambwa miezi yote ya mwaka, na wanaolilamba si madume peke yao; majike na watoto wao pia hufika.

Nina video ya dume mwenye pembe za ncha nane ambayo ingekutosha kuwa somo. Anafika polepole, anasimama kabla ya kuingia, na kitu cha kwanza anachokifanya ni kuinua shingo na kukigusa kijiti cha mwisho cha tawi kwa pua. Anakinusa kwa muda, anakitia mdomoni na kukitafuna taratibu, macho yakiwa yamefumba nusu, kisha anakisugua kwenye kona ya jicho la kushoto, halafu la kulia, na baada ya hapo kwenye paji la uso kati ya pembe. Ardhi haitazami kabisa hadi amemaliza shughuli ya juu. Ndipo anapoparua, mguu huu kisha ule, udongo ukirukia nyuma, anaingia katikati, anabana miguu ya nyuma pamoja na kukojoa. Wengi wa waliopita hapo usiku ule baada yake walinusa tawi na kuendelea na safari bila kuugusa udongo.

Jambo hili lilifanyiwa utafiti zamani. John Ozoga, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Cusino huko Michigan, alichapisha mwaka 1989 utafiti ulioonyesha kwamba madume wanaweza kushawishiwa kuparua mahali palipochaguliwa na binadamu, mradi wawekewe tawi linaloning'inia kwa kimo kinachowafaa. Kwa hiyo, ukiwa na dola ishirini za kutumia, usizipeleke kwenye chupa.

Tawi lenyewe liwe na ncha inayofika mita moja na nusu hivi kutoka ardhini, yaani futi tano kwa kipimo cha huku, ili kulungu alazimike kuinua kichwa kidogo tu. Liwe jembamba kwenye ncha na liwe na nguvu ya kurudi mahali pake linapovutwa, kwa sababu litatafunwa na kuvutwa kila siku, na tawi kavu huvunjika wiki ya kwanza. Ukipata mwaloni au mtofaa pori wenye tawi linalokaribia kimo hicho, livute chini na ulifunge kwa kamba kwenye shina au kwenye jiwe zito. Pasipo na tawi, mimi hukata kipande cha mzabibu pori, kinene kama kidole gumba, nikakining'iniza wima kutoka tawi la juu kwa kamba ya katani, ile ile inayosokotwa kwa mkonge kama wa Tanga. Mzabibu pori haunyauki na kupukutika kama tawi la majani, na kwa uzoefu wangu kulungu huuzoea upesi kuliko kitu kingine chochote ninachoweza kukining'iniza. Wapo wanaotumia kamba nene ya katani peke yake bila mzabibu, nayo pia hulambwa. Vaa glavu za mpira unapofanya kazi hii, pamoja na buti za mpira, na usikae hapo kupumzika. Chini yake kwangua duara lenye upana wa hatua moja kubwa, ondoa majani yote hadi udongo uonekane, basi.

Kuhusu mahali, mwaloni mkubwa unaodondosha matunda ni kivutio kizuri cha chakula, lakini kulungu anayekula huzunguka na kuinamisha kichwa, na hana sababu ya kupita hasa pale ulipokwangua. Mparuo hustawi pale ambapo njia zinabana au zinakutana: ukingo ambapo msitu mnene unapakana na shamba la mahindi, barabara ya zamani ya wakata mbao iliyoota nyasi, bega la mlima linalounganisha mabonde mawili, au kona ya uzio ambayo wanyama huiruka. Tembea kwenye eneo lako, utafute mashina yaliyochubuliwa kwa pembe na njia zenye kinyesi kibichi, na ukikuta mparuo halisi wa mwaka huu au mabaki ya mwaka jana, weka wako karibu na hapo, juu ya njia ile ile. Mahali palipopendwa mwaka jana mara nyingi hupendwa tena, hata kama madume wenyewe ni wengine. Usiukaribie mno msitu mnene wanamolala mchana, kwa kuwa kila unapokwenda kubadilisha kadi ya kamera utawaamsha.

Sasa nije kwenye mkojo. Mkojo wa chupani hukusanywa kwa kulungu wa kufugwa, na hapa kuna jambo zito kuliko fedha zako. Ugonjwa wa kudhoofika unaoitwa kwa kifupi CWD, ulioonekana kwa mara ya kwanza Colorado mwaka 1967 na kugunduliwa Pennsylvania mwaka 2012, hauna tiba wala chanjo, na humuua kila kulungu anayeupata. Husababishwa na protini zilizopotoka ziitwazo prioni, ambazo hupatikana kwenye mate, mkojo na kinyesi cha mnyama mgonjwa, na zikishafika kwenye udongo hukaa humo kwa miaka. Kwa sababu hiyo Virginia na Vermont zimepiga marufuku mkojo halisi wa kulungu katika uwindaji, na hapa Pennsylvania ni marufuku kuutumia ndani ya maeneo yaliyotengwa kwa ajili ya kudhibiti ugonjwa huo. Ramani ya maeneo hayo hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo itazame kwenye tovuti ya Pennsylvania Game Commission, mamlaka ya jimbo inayosimamia uwindaji, kila msimu kabla ya kufanya lolote. Mimi nimeacha kabisa mkojo wa dukani, hata pale unaporuhusiwa, kwa kuwa sioni haki ya kuhatarisha kundi zima la wanyama kwa ajili ya kitu ambacho hakihitajiki. Ukitaka kitu cha kuamsha udadisi siku ya kwanza, kojoa mwenyewe kwenye udongo ulioukwangua. Najua watu husitasita wakisikia hivyo, lakini kamera zangu zinaonyesha kulungu wakiinusa sehemu hiyo kwa utulivu, na baada ya siku chache huweka harufu yao wenyewe, ambayo hakuna dawa inayoifikia.

Usitarajie kwamba utakaa juu ya mparuo na dume mkubwa atakuja saa tatu asubuhi. Utafiti mmoja wa Georgia uliotumia kamera, uliochapishwa mwaka 2001, ulikuta kwamba takriban asilimia 85 ya shughuli kwenye mparuo hufanyika usiku, na picha zangu zinakubaliana nao. Faida ya kwanza ya mparuo bandia ni taarifa: unajua dume gani yupo, anatokea upande gani, na lini anaanza kuonekana kukiwa bado na mwanga. Faida ya pili ni kwamba humfanya asimame. Kulungu anayetembea ni vigumu kumpiga mshale vizuri, na sisi ambao hatutaki mnyama akimbie na jeraha tunathamini sana zile sekunde anazosimama akiwa ameinua shingo, ubavu wazi, akili yake yote ikiwa kwenye tawi.

Kwa sababu hiyo funga dungu lako, yaani kiti cha mtini cha kuvizia, umbali wa mita kumi na tano hadi ishirini na tano kutoka kwenye mparuo, na uupe upepo uzito kuliko kitu kingine. Dume mzoefu mara nyingi haufikii mparuo wenyewe. Hupita upande ambao upepo unapelekea harufu, akaukagua kwa pua kutoka mbali, akaendelea. Ukikaa mahali ambapo mstari wake huo unapita mbele yako, nawe umekaa mbali zaidi upande huo huo wa chini ya upepo, unamkuta hata asiposimama kwenye tawi. Katika milima yetu kumbuka pia kwamba hewa hupanda mteremko jua linapoupasha asubuhi na hushuka bondeni jioni inapopoa, hivyo dungu linalofaa asubuhi laweza kukuharibia jioni. Mimi hubeba kichupa cha unga laini mfukoni na kupuliza kidogo kila nusu saa. Na tafadhali, vaa mkanda wa usalama uliofungwa kwenye shina tangu miguu inapoacha ardhi hadi inaporudi. Wawindaji wengi huumia kwa kuanguka kutoka mtini.

Hakikisha pia ardhi unayowindia ni ya nani. Kwenye shamba la mtu, omba ruhusa ya kufunga tawi na kukata mzabibu, si ya kuwinda tu. Kwenye ardhi za uwindaji za jimbo hairuhusiwi kukata wala kuharibu miti, kwa hiyo huko tafuta tawi ambalo tayari linaning'inia kwa kimo kinachofaa, ukwangue udongo chini yake, na uache mengine yalivyo.

Kwa kuwa sasa tupo katikati ya Oktoba, bado hujachelewa. Wiki mbili za mwisho za mwezi huu na siku za kwanza za Novemba ndipo madume wa majimbo haya ya kaskazini huparua kwa wingi, kabla majike wengi hawajawa tayari kupandwa. Hamisha kamera yako Jumamosi hii kutoka kwenye mwaloni, uiweke penye tawi kwenye njia inayotoka kule wanakolala kuelekea huo mwaloni, na usirudi hapo mpaka wiki ipite. Katikati ya Novemba utaona mparuo umepoa na majani yameanza kuufunika. Wakati huo madume hufuatana na majike usiku na mchana, na jike mmoja huwa tayari kupandwa kwa siku moja au mbili tu, kwa hiyo dume hana nafasi ya kupitia matawi. Hapo uache mparuo, ukae karibu na njia za majike na mahali wanapokula. Kulungu utakayempata ndani ya eneo la udhibiti wa ugonjwa, peleka kichwa chake kwenye mapipa ambayo Game Commission imeyaweka kwa ajili ya upimaji wa bure, na usubiri majibu kabla nyama haijaingia kwenye sufuria ya watoto.