Ulizia Gereji: Mifuko ya upepo ya springi za nyuma

Swali: Shikamoo Mzee. Nina Hilux dabo kabini ya 2012, ya dizeli, springi za nyuma ni zile za vyuma bapa. Nakodisha maturubai, viti na muziki hapa Karatu. Siku ya shughuli napakia spika na viti kwenye gari, halafu navuta trela la ekseli moja lenye maturubai, mabomba yake na jenereta. Trela halina breki. Nikiliunga tu gari linakalia mkia, taa zinamulika juu ya miti, na nikipanda kutoka Mto wa Mbu usukani unakuwa mwepesi. Kuteremka ndiyo usiseme, trela linanisukuma. Muuzaji wa vipuri ananishauri nifunge mifuko ya upepo, ile mipira inayojazwa upepo kati ya chesisi na difu, yenye uwezo wa zaidi ya tani mbili, na anasema nikishafunga naweza kuongeza hata turubai jingine. Ninunue ipi? — *Msomaji, Karatu*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hilo turubai jingine liache nyumbani, na fedha ya mifuko iweke kwanza kwenye breki za trela. Ulaya na Australia, Hilux huruhusiwa kuvuta kilo 750 tu kama trela halina breki zake. Jenereta, mabomba ya chuma na maturubai, ukijumlisha na uzito wa trela lenyewe, hicho kiwango unakipita kwa urahisi. Mteremko wa Mto wa Mbu una kona na una watu chini yake. Hapo sina lugha ya kukubembeleza.

Sasa mifuko. Ile tani mbili na kitu aliyokutajia muuzaji ni nguvu ya mipira yenyewe kunyanyua. Seti kama Ride-Rite ya Firestone au LoadLifter 5000 ya Air Lift huandikwa pauni 5,000 kwa jozi, yaani kama kilo 2,270. Lakini gari lako halikuongezewa hata kilo moja ya ruhusa. Difu ni ile ile, chesisi ile ile, breki zile zile. Matairi pia: tazama ubavuni, ukikuta namba 112 maana yake tairi moja linabeba kilo 1,120 na si zaidi, hata ujaze mifuko mpaka ilie. Kazi ya mfuko ni kulirudisha gari kwenye usawa wake na kulizuia lisigonge chini kwenye matuta.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, pima. Azima mizani ya magunia kwa wanunuzi wa mahindi. Pakia trela kama siku ya kazi, liweke mahali tambarare, zuia magurudumu yake, kisha egemeza mkono wa trela juu ya gogo lililosimama kwenye mizani, kwa kimo kile kile unapokuwa umeungwa na gari. Kumbuka kutoa uzito wa gogo. Unatafuta kama asilimia 10 ya uzito wa trela lote; Wamarekani hufika hadi 15. Trela la kilo 1,200 basi mkono wake ukandamize kati ya 120 na 180. Ukikuta 250, jenereta umeliweka mbele mno. Lisogeze juu ya ekseli ya trela. Usilipeleke mkiani kabisa, maana mkono ukiwa mwepesi trela huanza kuyumba, na likishaanza kuyumba kwenye mwendo wa 80 hulirudishi kwa usukani.

Huo wepesi wa usukani unaousikia una hesabu yake. Hilux yako ina mita 3.085 toka gurudumu la mbele hadi la nyuma, na pale unapounga trela ni kama mita 1.2 nyuma ya difu. Mkono ukikandamiza kilo 200, matairi ya nyuma yanabeba kama 278, kwa sababu karibu kilo 78 zimenyanyuliwa kutoka mbele. Mifuko itainyanyua nyuma mpaka gari lionekane zuri barabarani, lakini zile 78 hazirudi mbele. Kinachozirudisha ni kupanga mzigo upya: spika nzito zikae zimeegemea kabini, viti vyepesi ndiyo vikae kwenye mlango wa nyuma.

Ukishafanya hayo na gari bado linakalia mkia, nunua. Na kwa kazi yako mifuko naiona bora kuliko kuongeza bapa kwenye springi, kwa kuwa katikati ya juma unaendesha gari tupu na springi nzito ingekutingisha kila siku kwa ajili ya shughuli ya Jumamosi.

Chukua seti iliyotengenezwa kwa Hilux ya mwaka wako, ikiwa na mabano yake ya kufunga kwa boliti. Mabano ya kuchomelea kwenye chesisi yakatae, hata fundi akikuapia. Kwa barabara za kwenda vijijini napendelea zenye mpira wa kuzuia kugonga ndani ya mfuko, kama LoadLifter 5000 Ultimate. Na kila mfuko uwe na bomba lake na valvu yake. Mafundi wengi huunganisha pande zote kwa bomba moja ili wabane gharama. Ukikata kona, upepo wa upande uliolemewa unakimbilia upande wa pili na gari linalala zaidi. Hakikisha bomba la moshi haliko karibu na mpira, au liwekewe bati la kukinga joto.

Kujaza: pima toka ardhini hadi ukingo wa matao ya matairi, mbele na nyuma, gari likiwa tupu. Pakia, unga trela, kisha jaza kidogo kidogo. Ishia chini kidogo ya kimo cha gari tupu, usikipite. Mfuko uliojazwa kupita kiasi unapokea karibu mzigo wote peke yake, na chesisi inasukumwa sehemu moja juu ya difu badala ya ncha mbili za springi. Australia pikapu za dabo kabini zimepinda chesisi kwa namna hiyo. Kama gari lako lina valvu ya breki yenye fimbo inayoshuka hadi kwenye difu, mwambie fundi airekebishe, kwani gari likinyanyuliwa valvu hudhani ni tupu na kupunguza breki za nyuma. Gari likiwa tupu, bakiza PSI 5. Mfuko usio na upepo hujibana na kujikata.

Swali: Prado yangu ina springi za koili nyuma, navuta boti dogo Bagamoyo. Mifuko hiyo inanifaa? — *Msomaji, Bagamoyo*

Jibu: Ndiyo, ila yako ni ile inayoingia ndani ya koili. Seti ya Air Lift 1000 hubeba hadi kama kilo 450 kwa jozi na hujazwa PSI 5 hadi 35 tu, kwa hiyo usimwachie kijana wa kujaza matairi akukisie. Ukitoka kushusha boti, suuza kwa maji yasiyo ya chumvi mabano, valvu na koili zenyewe. Na kila mwezi pakaza povu la sabuni kwenye viungo vya bomba. Pakitoa mapovu, kaza au badilisha kabla hujaunga trela.