Kabla Hujalipia Sanamu ya Chaplin, Mvue Kofia

Chukua kichwa chochote cha plastiki. Kivishe kofia ngumu ya mviringo, kibandike masharubu ya mraba chini ya pua, kisha mwili upewe kifimbo cha mwanzi na viatu vilivyouzidi mguu. Kila atakayepita atasema ni Chaplin. Ndiyo maana sanamu za wachekeshaji wa sinema za zamani zina mtego kuliko za wanasoka au wanamuziki. Watu hawa walijibunia vazi linalotambulika hata kwa mbali, na vazi hilohilo ndilo linalowaficha wachongaji wavivu. Mnunuzi anaiona kofia, akili inamalizia sura ambayo haipo.

Mimi hukusanya sanamu za kipimo cha moja kwa sita, yaani ndogo mara sita kuliko mtu halisi, za karibu sentimita 30, zenye nguo za kitambaa. Anayeniomba ushauri humwambia kwanza amtake muuzaji atume picha ya kichwa bila kofia. Kama kofia imeshikana na kichwa, kama ilivyo kwa sanamu nyingi za rezini (plastiki ngumu ya kumimina), izibe kwa kidole gumba kwenye kioo cha simu. Ziba na masharubu. Kilichobaki, kuanzia kwenye nyusi hadi kidevuni, ndicho unachokitolea hela.

Kwa Chaplin mtihani huu huangusha wengi. Alipoanza kuigiza yule mzururaji wake mwaka 1914 alikuwa na miaka 24, na mwenyewe alieleza kwamba aliweka masharubu ili aonekane mtu mzima zaidi, akayachagua madogo yasije yakaficha mabadiliko ya uso. Kwa hiyo chini ya yale mapambo kuna kijana mwenye ngozi laini na macho ya bluu. Wachongaji wengi hawataki kuliamini hilo. Wanamchora mikunjo ya mzee, wanampa macho ya kahawia, halafu mdomo wanaukaza kana kwamba anadai kodi ya nyumba.

Rafiki yangu mmoja alikuwa akitaka kununua Chaplin wa namna hiyo, akanitumia picha nimpe maoni. Niliikata kofia, nikaacha masharubu, nikamtumia shangazi yangu bila maelezo. "Shikamoo shangazi, huyu nani?" Jibu likaja kwa sauti: "Marahaba mwanangu. Sasa Hitla ndani ya nyumba wa nini?"

Shangazi hakukosea sana. Chaplin na Hitler walizaliwa mwezi mmoja wa Aprili 1889, wakipishana siku nne, na kufanana kwa masharubu yao ndiko Chaplin alikokufanyia dhihaka katika filamu yake ya mwaka 1940 kuhusu dikteta. Lakini sanamu ya mzururaji ikisomeka kama dikteta, tatizo liko kwenye macho na mdomo. Mzururaji wa Chaplin nyusi zake hupanda kuelekea katikati, na pembe za mdomo haziko tayari kwa ugomvi. Anaomba radhi huku akipanga ujanja. Rafiki yangu hakununua.

Jifunze pia kuuliza kama nilivyomuuliza shangazi: "Huyu nani?" Ukisema "Eti anafanana na Chaplin?" umeshamtajia jina, na akishalisikia jina ataiona sura hata kama haipo. Wewe mwenyewe uliyesoma kichwa cha tangazo huwezi tena kuwa shahidi mzuri.

Jambo la pili ni mwaka. Huyu ni Chaplin wa lini? Filamu yake ya mashine na kiwanda ilipotoka mwaka 1936 alikuwa na miaka 46, amejaa usoni kuliko yule wa 1914. Mchongaji mzuri huchagua filamu moja akaifuata mpaka mwisho. Mbaya huchukua mashavu ya 1936, nywele za 1915 na koti la popote, na matokeo yake ni ndugu wa Chaplin, hakosi kufanana lakini si yeye. Nikiona tangazo lisilotaja filamu wala mwaka, mashaka huanza hapo.

Sasa Laurel na Hardy, wale wachekeshaji wawili wa sinema, yule mwembamba na yule mnene, ambao kwangu ndio kipimo cha mchongaji. Hapa huamui sura moja, unaamua sura mbili na nafasi iliyo kati yao. Anza na hesabu. Oliver Hardy alikuwa na urefu wa kama sentimita 185, na Stan Laurel alimpungukia kwa kama sentimita 10. Kwenye moja kwa sita Hardy anatakiwa akaribie sentimita 31, na Laurel awe chini yake kwa sentimita moja na nusu hivi. Watengenezaji wanaotumia kiwiliwili kimoja kwa wote, Hardy wakimjaza sponji tu, huwaletea wawili wenye mabega sawasawa, na hapo kichekesho kimekwisha kabla hujaangalia nyuso.

Halafu tazama wanatazama wapi. Hardy alikuwa na desturi ya kugeuka na kuiangalia kamera moja kwa moja, kukulalamikia wewe mtazamaji kwa mateso anayoyapata. Sanamu yake ikutazame. Laurel kinyume chake: macho yapo, mwenyewe hayupo. Akichongwa na macho makali yanayolenga kitu, amekuwa mtu mwenye akili timamu, na huyo si Stan. Nywele zake husimama wima utosini, masikio yametoka nje kidogo, uso mrefu unateremka mpaka kwenye kidevu kizito. Hardy ana vibonyeo mashavuni, kidevu cha pili, na vinywele vilivyolazwa kwenye paji la uso. Vidole vyake, kwa mwili mkubwa vile, ni vya mtu mwenye madaha, na mara nyingi vinachezea ncha ya tai. Angalia na viatu: Laurel aliviondoa visigino ili atembee kibapa. Sijakutana na watengenezaji wengi wanaojisumbua na hilo, lakini anayejisumbua nalo mara nyingi na uso ameushughulikia.

Rangi inachanganya watu kwa sababu hawa tumewazoea katika nyeusi na nyeupe. Mikanda ya sinema ya miaka ya mwanzo haikuiona nyekundu vizuri. Nyekundu ilitoka kama nyeusi, bluu ikapauka karibu na nyeupe. Macho ya bluu ya Laurel yalipotea kwenye mikanda ile hata ikawa shida ya kikazi, mpaka ilipoenea mikanda mipya inayosoma rangi zote vizuri zaidi, miaka ya 1920 ikielekea mwisho. Waigizaji nao walijipaka poda nyeupe nzito usoni na wanja machoni. Kwa hiyo sanamu yenye uso mweupe kama chokaa na midomo myeusi inaiga mkanda, haiigi mtu. Sina ugomvi na toleo lililopakwa kijivu kuanzia kofia hadi soli. Ninachokataa ni uso wa mkanda juu ya suti ya rangi. Ukitaka kujua Laurel na Hardy walikuwa na rangi gani, tafuta filamu fupi ya rangi waliyoigiza miaka ya 1940 kwa ajili ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, kuhusu matumizi ya mbao. Nywele za Laurel zina wekundu humo, kitu ambacho sanamu nyingi hazikijui.

Kwa upande wa pili, rangi mbaya inaweza kuficha uchongaji mzuri. Geuza picha iwe nyeusi na nyeupe kwenye simu kabla ya kutoa hukumu. Kama sura inajitokeza ghafla, kosa ni la aliyepaka rangi, na rangi inarekebishika. Kama bado humtambui, achana nayo.

Umbali wa kamera nao huwaponza wauzaji waaminifu. Ukiisogeza simu sentimita 10 kutoka kwenye kichwa cha moja kwa sita, ni sawa na kusimama sentimita 60 mbele ya uso wa mtu halisi: pua inavimba, masikio yanakimbilia nyuma. Sinema hazikupigwa hivyo. Mwombe muuzaji arudi nyuma nusu mita, avute kwa zumu, apige karibu na dirisha mchana: mbele, ubavuni, na ile ya katikati yake. Ya ubavuni usiisahau, hasa kwa Buster Keaton, mchekeshaji mwingine wa sinema za enzi hiyo. Yeye alijulikana kwa kutocheka kwenye filamu, na wachongaji hudhani kutocheka ni kukosa hisia, wakatoa maiti iliyovaa kofia. Keaton alifanya kazi yote kwa macho, na ukimtazama ubavuni ile pua iliyonyooka ndiyo inayoamua. Kofia yake ile bapa aliitengeneza mwenyewe, kwa kukata kofia ya pama na kuikausha kwa maji ya sukari, kwa hiyo ikae kavu kama sahani, isilegee.

Wengine nawapitia haraka. Harold Lloyd: miwani yake haikuwa na vioo, ni fremu tupu, basi sanamu yenye vioo imekosea. Mwaka 1919 bomu la kuigizia lililipuka mkononi mwake, akapoteza kidole gumba na cha shahada vya mkono wa kulia, na tangu hapo aliigiza akiwa amevaa glavu maalumu. Katika ile filamu ya 1923 anayoning'inia kwenye saa ya ghorofani, vidole hivyo viwili ni vya bandia. Groucho Marx: masharubu yake ya filamu za miaka ya 1930 yalikuwa rangi nyeusi iliyopakwa tu. Yakichongwa kwa unywele mmoja mmoja, mchongaji hakumtazama, au amemtazama yule wa televisheni wa miaka ya 1950 aliyekwisha kufuga ya kweli.

Kuhusu kununua kwenyewe, usiamini picha za tangazo. Zile huwa za sampuli iliyopakwa kwa mkono na msanii, kwa utulivu. Za kiwandani huja na jicho moja limepanda. Subiri waliotangulia wafungue maboksi yao. Nakala feki, zile zilizomwagwa upya kutoka kwenye sanamu iliyokamilika, utazijua kwa kingo za kope zilizolainika, na kichwa kusinyaa kidogo mpaka kofia halisi inapwaya. Leseni kwenye boksi si dhamana ya sura. Baada ya kesi kama ile ya fulana zenye picha za Three Stooges, kundi la wachekeshaji watatu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya California mwaka 2001 kwa faida ya wenye haki za sura zao, wachongaji wadogo wengi huuza vichwa bila kutaja jina, na baadhi ya vichwa hivyo visivyo na jina ndivyo bora nilivyowahi kushika.

Na kama Laurel na Hardy wanauzwa kila mmoja peke yake, anza na Laurel. Hardy mzuri utampata, hata kwa bei ya kuzungumza. Laurel mzuri ni adimu, na Hardy ukishamnunua kwanza utalazimika kumchukulia mwenzake wa mchongaji yuleyule, awavyo.