Mlonge umemsaidia panya, je, mama?

Dada yangu, pole sana na kuuguza. Umeuliza: kama majani ya mlonge yameshusha sukari ya panya maabara, kwa nini mama asiache vidonge vyake vya kisukari, anywe ya uani kwenu hapo Moshi? Nakuomba asiache.

Jaribio lenyewe liko hivi. Majani hukaushwa kivulini, husagwa, hulowekwa kwenye maji au spiriti, huchujwa, kisha maji hukaushwa mpaka ibaki rojo nzito. Rojo hiyo ndiyo anayopewa panya, kwa miligramu kwa kila kilo ya uzito wake. Kikombe cha chai ya majani ni kitu kingine kabisa. Na huyo panya hakuugua kama mama: mara nyingi amechomwa sindano ya aloksani, kemikali inayoua seli za kongosho zinazotengeneza insulini, homoni inayoshusha sukari mwilini. Kisukari kinachowapata wengi ukubwani ni aina ya pili, mwili unakaidi insulini iliyopo. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea.

Tena dozi ya panya haihamishwi kwa binadamu kilo kwa kilo. Hugawanywa kwa 6 hivi, na hata hapo ni makadirio ya kuanzia majaribio tu.

Kinachonitia hofu zaidi ni kuchanganya. Akinywa majani juu ya glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, sukari inaweza kushuka mno. Mkiona jasho jingi na kutetemeka, mpeni glukosi kama anaweza kumeza, mkimbilie hospitali. Na siku ya kliniki, mwambieni daktari kuhusu huo mlonge, msifiche.