Kabla Mchoraji Hajashuka Kwenye Basi: Tuliyojifunza Tukuyu

Kwa kamati za miji midogo zinazofikiria kumwalika mchoraji aje kupamba kuta za soko, zahanati au stendi, naanza na jambo ambalo sisi wa Tukuyu, mji mdogo wa milimani mkoani Mbeya, tulilielewa tukiwa tumekwisha kuchelewa: sehemu kubwa ya kazi ya mwenyeji hufanyika kabla mgeni hajafungua kopo la kwanza la rangi. Tulidhani jukumu letu lilikuwa kukusanya michango, kutafuta chumba na kumpokea mtu stendi. Mchoraji alifika kutoka Dar es Salaam, akauzunguka ukuta tuliomchagulia, akaugonga kwa vidole hapa na pale, kisha akauliza kwa upole ni nani aliyeupiga lipu, na lini. Hakuna aliyekuwa na jibu.

Ukuta, basi, ndio wa kuushughulikia kwanza. Lipu mpya ya saruji huhitaji takriban wiki 4 ili ikomae na kukauka. Ukiipaka rangi mapema, chumvi nyeupe hujitokeza juu ya picha na rangi hubanduka kama maganda. Ukuta wa zamani wa matofali ya kuchoma una tatizo lake, maana hunyonya maji kutoka ardhini, na katika mji unaopata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka ardhi haikosi maji ya kunyonywa. Ili kujua hali yake, bandika kipande cha nailoni ukutani, uzibe kingo zote kwa gundi ya utepe, ukiache kwa siku moja au mbili. Ukikuta matone upande wa ndani, ukuta huo bado. Tazama pia kama bati limetokeza vya kutosha kuukinga, na kama maji ya paani yanadondoka chini na kurusha matope. Sisi tuliwacheka mafundi wetu wa zamani wanaopaka ukanda mweusi chini ya kila nyumba, mpaka nusu mita ya chini ya picha yetu ilipogeuka rangi ya udongo baada ya masika moja tu.

Rangi yenyewe izungumzwe mapema, kwa sababu wachoraji wengi wa kwetu wamekulia katika mtindo wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alichora kwa rangi za mafuta zilizotumika kupaka baiskeli, juu ya vipande vya ubao mgumu wa kushindiliwa (hardboard), na rangi hizo hung'aa vizuri sana kwenye ubao uliowekwa ndani ya nyumba. Kwenye ukuta wenye unyevu hufungia maji ndani, kisha huvimba malengelenge. Nunueni rangi ya maji iliyotengenezwa kwa kuta za nje, na praima yake, yaani rangi ya msingi inayotangulia. Inunuliwe Mbeya kwa mkupuo mmoja, kwa maana ukirudi dukani wiki mbili baadaye kufuata kopo lililopungua, unaweza kukuta kijani kisichofanana kabisa na kile cha kwanza.

Majira kwetu hayana mjadala: ni kati ya Agosti na Oktoba. Hata hivyo, asubuhi za ukungu hula saa mbili au tatu za kazi, kwa hiyo mpango wa siku 7 uandikwe kuwa wa siku 10.

Kuhusu ruhusa, barua ya mwenye jengo haitoshi. Mwenyekiti na mtendaji wajue, na afisa utamaduni wa halmashauri aone rasimu. Mwulizeni pia kama msanii amesajiliwa na Baraza la Sanaa la Taifa. Jengo likiwa kando ya barabara kuu, kumbukeni kwamba Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imetenga mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Ukuta wenye alama ya X ya kubomolewa msiuguse, hata ukiwa ndio mzuri kuliko yote mjini. Na mfanyabiashara atakayeomba jina la duka lake liandikwe pembeni kwa sababu amechangia makopo mawili, aelezwe kwamba picha itageuka tangazo, na matangazo yana ada yake.

Sasa nije kwenye kosa lililotuuma zaidi. Rasimu ya kwanza ilikuwa na mama mmoja tu, amebeba mkungu wa ndizi, na nyuma yake Mlima Rungwe kwenye ukungu. Kamati ilikaa. Mjumbe mmoja akataka chai, kwa kuwa chai ndiyo uchumi wetu. Mwingine ng'ombe wa maziwa. Wa tatu Daraja la Mungu, lile daraja la asili la mwamba, maana watalii hulipenda. Mwingine akasema mama yule anaonekana amechoka, apewe tabasamu. Mchoraji alikubali yote, kwa sababu sisi ndio tuliokuwa tunamlipa, na tukapata ukuta unaofanana na kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi. Ukuta wa pili tulimwachia. Alikaa sokoni siku mbili bila kuchora chochote, akinywa chai na kuzungumza na wauza ndizi, huku wajumbe wakininong'oneza kwamba tunalisha mtu asiyefanya kazi. Picha iliyotoka hapo ndiyo ambayo abiria wa Kyela huomba gari lipunguze mwendo waipige picha. Kamati ijadili jambo moja tu, yaani kitu gani kisichoreke kwa heshima ya mila na dini za watu. Mengine ni ya fundi.

Malazi yawe na mablanketi mawili mazito, kwa kuwa mtu wa pwani hajui baridi ya hapa. Mweleze kwamba msiba ukitokea mtaani kazi husimama na yeye huenda pamoja nanyi. Wetu alikwenda, akakaa na wanaume hadi jioni, na kesho yake alipata vijana wanne wa kumshikia mirunda ya jukwaa bila kuombwa.

Malipo yaandikwe: nusu mwanzoni, nusu mwishoni, na nauli ya kurudi iwekwe kando tangu siku ya kwanza. Andikeni pia nani ataruhusu picha itumike kwenye fulana au kadi, kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda aliyechora.

Siku ya kuondoka kwake, mwombeni awape rangi iliyobaki kwenye makopo yaliyofungwa vizuri, kila kopo likiandikwa limetumika wapi. Yetu yako chini ya meza ya mtendaji, na kila Juni, mvua zikikatika, kijana mmoja aliyekuwa msaidizi wake huyachukua kwenda kurudishia nusu mita ile ya chini.