Pafu Likivuja: Maswali Yenu Kuhusu Hewa Inayotoroka Kifuani

Tangu nilipoeleza hapa jinsi nimonia ya virusi inavyomfikisha mtu kwenye mashine ya kupumulia, barua zenu nyingi zimekuwa zikirudia jambo moja: pafu kutoboka na hewa kuvuja. Nimechagua tano. Baadhi zimeandikwa na watu waliofiwa, na nimezijibu nikilijua hilo.

Shikamoo daktari. Mwaka 2021 mjomba wangu alilazwa kwa UVIKO-19, akawekewa oksijeni ya barakoa tu. Siku ya nane tulimkuta uso na shingo vimeumuka, macho hayafunguki, na ukimgusa kifuani panalia kama mfuko wa nailoni. Nyumbani mpaka leo wanasema alichomwa dawa mbaya. Kile kilikuwa nini? (Msomaji, Tanga)

Marahaba, mwanangu. Kwa unavyoeleza, ile ilikuwa hewa iliyotoka kwenye pafu lake ikaja kukaa chini ya ngozi.

Pafu limejaa vifuko vidogo vya hewa, mamia ya mamilioni, na ukuta wa kila kimoja ni mwembamba ajabu. Nimonia ya virusi inauvimbisha ukuta huo, inaudhoofisha, mahali pengine inauua kabisa. Ukishafika hapo, kikohozi kimoja kikali kinatosha kuupasua. Hewa iliyotoka hairudi ilikotoka. Inatambaa kandokando ya mishipa ya damu na njia za hewa mpaka katikati ya kifua, jirani na moyo, kisha inapanda shingoni na kusambaa chini ya ngozi. Walioieleza safari hiyo vizuri ni mtu na mkewe, Charles na Madge Macklin, watafiti wa Kanada, mwaka 1944. Mpaka leo tunaiita kwa jina lao.

Mara ya kwanza kuigusa nilikuwa bado mwanafunzi. Niliweka vidole juu ya mtulinga wa mgonjwa, nikabonyeza taratibu, na chini ya ngozi vikapasuka vipovu vidogo vidogo, kama bisi za mwisho mwisho sufuriani. Nikaondoa mkono haraka. Mgonjwa akaniuliza, "Vipi, daktari?" na sauti yake ilikuwa imebadilika, inatokea puani, kwa kuwa hewa ilishajaa mpaka kooni. Sikuwa na jibu siku ile.

Hewa ya chini ya ngozi inatisha kuitazama, lakini yenyewe ni nadra kuua. Mwili huinyonya kidogo kidogo kwa siku kadhaa, na macho yakafunguka tena. Uzito wake ni kwamba inatuambia mle ndani kuna mahali pamepasuka. Waeleze hivyo nyumbani, mwanangu. Hakuna aliyemchoma mjomba dawa ya kumvimbisha.

Daktari, baba yangu alikaa kwenye mashine siku 11, pafu la kulia likatoboka, akafariki. Mimi ndiye niliyesaini awekewe mashine. Ndugu zangu hawaniongeleshi. Je, mashine ndiyo iliyomuua? (Msomaji, Nairobi)

Pole sana. Faili la baba yako sijaliona, kwa hiyo siwezi kusema nini hasa kilitokea kitandani pale. Nitakueleza ninachokijua chote, pamoja na kile kisichotupendeza sisi madaktari.

Mashine inaweza kuliumiza pafu. Tukipumua wenyewe, kifua hutanuka na kuivuta hewa ndani, mashine huisukuma. Na pafu lenye nimonia kali halina nafasi ya kuipokea, maana sehemu kubwa imejaa majimaji na imeshikana. Kinachobaki wazi ni kidogo. Daktari Luciano Gattinoni wa Italia alikifananisha na pafu la mtoto mchanga ndani ya kifua cha mtu mzima. Sasa mpe mtoto mchanga pumzi ya mtu mzima.

Zamani ndivyo tulivyofanya. Mwaka 2000 yalitoka matokeo ya utafiti wa Marekani kwa wagonjwa 861 ambao mapafu yao yalishindwa ghafla. Kundi moja lilipewa pumzi za mililita 12 kwa kila kilo ya uzito, jingine mililita 6. Katika kundi la pumzi kubwa walikufa karibu asilimia 40. Katika la pumzi ndogo, asilimia 31. Dawa haikubadilishwa, ni ukubwa wa pumzi tu.

Na uzito unaotumika kwenye hesabu hiyo hautoki kwenye mizani. Unatokana na kimo na jinsia, maana mtu akinenepa pafu lake halikui. Katika hospitali moja niliyofanya kazi tulimpokea mama wa kilo 95, tukaisetia mashine kwa kilo zake: mililita 570 kila pumzi. Muuguzi wa zamu ya usiku akatoa mkobani futi ya fundi cherehani, akampima kutoka utosini hadi kisiginoni. Sentimita 160. Kwa kimo hicho hesabu inampa kilo 52 tu, yaani pumzi ya mililita 315 hivi. Tulikuwa tunamsukumia karibu mara mbili. Tulirekebisha saa ileile, na tangu usiku ule futi haikosekani mfukoni mwangu.

Lakini kuna upande wa pili, nao ndio ninaotaka ndugu zako wausome. Pafu la UVIKO lilipasuka hata palipofanyika kila kitu sawasawa. New York, mwaka 2020, madaktari walifuatilia wagonjwa 601 wa UVIKO waliokuwa kwenye mashine: 89 walivuja hewa, asilimia 15. Kipindi hichohicho, kati ya wagonjwa 196 waliokuwa kwenye mashine bila UVIKO, alivuja mmoja. Mashine ni zilezile na mikono ni ileile. Ugonjwa ndio tofauti. Hong Kong nako, wakati wa SARS, ugonjwa wa mapafu wa virusi vya jamii ileile ya korona, mwaka 2003, wapo waliopata hewa katikati ya kifua bila kuwekwa kwenye mashine kabisa. Mjomba wa Tanga hapo juu naye alikuwa na barakoa tu. Mtu anayehema kwa kupigania pumzi huvuta kwa nguvu kubwa mno, na nguvu hiyo nayo hulirarua pafu lililokwisha kuoza.

Ulichosaini ni ruhusa ya kumsaidia kupumua mtu aliyekuwa anaishiwa pumzi. Kama ningekuwa zamu siku ile, ningekuomba saini hiyohiyo.

Mimi ni tabibu katika hospitali ndogo, mkoa wa Kigoma. Tuna mashine mbili, lakini eksirei iko jengo jingine. Nitajuaje kuwa pafu limetoboka? (Tabibu)

Utajua kwa ughafla wake. Mgonjwa alikuwa anaendelea, mara oksijeni inashuka, mashine inalia kwamba presha ya njia ya hewa imepanda, mapigo yanakimbia, presha ya damu inaporomoka. Simama miguuni pa kitanda utazame kifua: upande mmoja unapanda, mwingine umetuna na hautembei. Sikiliza, upande huo kimya. Gonga kwa kidole, panalia kama debe tupu. Hakikisha haraka kwamba mrija wa kupumulia haujaziba wala kuteleza. Kama una ultrasaundi, iweke kifuani. Mahali ambapo pafu limeachana na ukuta wa kifua huoni ule mtelezo wa kupumua.

Presha ya damu ikishaporomoka, usimpeleke eksirei na usiisubiri. Hewa iliyonaswa inalibana pafu na moyo pamoja, na mtu hufa kwa dakika chache. Choma sindano ndefu ya kanula juu ya ukingo wa ubavu, kwenye nafasi ya nne au ya tano kati ya mbavu, mbele kidogo ya katikati ya kwapa, uisikie hewa ikitoka, kisha weka bomba la kifuani. Hiyo sindano iwe imebandikwa kwa plasta kando ya kitanda tangu mgonjwa anapoanza mashine. Ukianza kuitafuta kabatini umechelewa.

Dada yangu ana bomba ubavuni linaloingia kwenye chupa ya maji chini ya kitanda. Maji yanatoa mapovu. Tuogope? Na je, atapona? (Msomaji, Dodoma)

Mapovu ni hewa ya kifuani inayotoka, na kutoka ndiko tunakokutaka. Ncha ya bomba imezama kidogo ndani ya maji ili hewa itoke lakini isiweze kurudi. Utaona pia maji ndani ya bomba yakipanda na kushuka kila anapopumua. Hiyo ina maana njia iko wazi. Mapovu yakipungua siku hadi siku, tobo linaziba. Yakikatika ghafla na dada akaanza kuhema, ita muuguzi mbio.

Chupa isinyanyuliwe kamwe kupita usawa wa kifua chake, hata mnapodeki, maana maji yatarudi ndani. Na mtu yeyote asilibane bomba linalotoa mapovu ati ili kumsafirisha salama. Ukilibana, hewa inajaa upya kifuani. Mambo haya mawili nimeyaona yakifanywa na ndugu wenye nia njema kabisa, na mara nyingine na wahudumu.

Kuhusu kupona: mwaka 2020 hospitali 16 za Uingereza zilikusanya taarifa za wagonjwa 71 wa UVIKO waliovuja hewa, wengine kwenye mashine, wengine wanapumua wenyewe. Zaidi ya 6 kati ya 10 walikuwa hai siku 28 baadaye. Kaeni naye.

Nilitobolewa bomba mwezi uliopita, sasa nimepona. Kazi yangu iko Muscat, na siku za mapumziko huzamia kwa mtungi wa hewa. Nirudi lini? (Msomaji, Mombasa)

Kwanza picha. Eksirei ikionyesha hewa yote imekwisha, hesabu angalau siku 7 ndipo upande ndege, baada ya daktari wako kukuruhusu. Ndani ya ndege iliyo juu, hewa ni kama ya mlima wa mita 2,400 hivi. Hewa yoyote iliyobaki kifuani hutanuka kwa karibu theluthi, na huko hakuna wa kukuwekea bomba. Sigara, kama unavuta, acha leo, maana inaongeza uwezekano wa pafu kutoboka tena.

Kuzamia kwa mtungi kunanitia hofu zaidi. Hewa unayoivuta ukiwa chini hutanuka unapopanda, na kwenye pafu lenye kovu inaweza kunaswa na kulipasua ukiwa bado majini. Usirudi huko mpaka daktari bingwa wa kifua akupime na kukupa ruhusa kwa maandishi, na ujiandae kusikia jibu la hapana.