Ukichunguza filamu za sumaku, pima kila tabaka peke yake

Wadogo zangu mnaosoma fizikia Kampala, Mbarara na Gulu mmeniuliza sana: mtu atachunguzaje filamu nyembamba za sumaku, yaani utando wa sumaku wenye tabaka chache tu za atomi, bila mtambo wa kupaka atomi tabaka juu ya tabaka? Anza na laptopu yako. Uigaji wa Monte Carlo, yaani kuiga tabia ya atomi kwenye kompyuta kwa namba nasibu, hauhitaji ombwe wala heliamu, na swali lenyewe lina kina cha kutosha tasnifu nzima.

Mambo yote huanzia kwa majirani. Katika fuwele sahili ya mchemraba, atomi ya ndani ina majirani 6, ya usoni ina 5, na filamu ikiwa tabaka moja tu wanabaki 4. Spini, yaani sumaku ndogo ya kila atomi, hupangwa na majirani zake, kwa hiyo ile ya usoni hulegezwa na joto mapema. Nikeli nene hupoteza mpangilio karibu kelvini 627. Ya tabaka chache huupoteza chini ya hapo.

Tumia kwanza modeli ya Ising, ambamo kila spini huelekea juu au chini tu. Kingo za pembeni ziunganishe ili gridi ijirudie, juu na chini paache wazi. Endesha tabaka moja kabla ya yote. Kadiri gridi inavyopanuka, joto la Curie, yaani joto ambalo mpangilio wa spini hupotea, lazima likaribie 2.269 kwa kipimo cha J/k (J ni nguvu ya uhusiano kati ya spini jirani, k ni namba thabiti ya Boltzmann), jibu alilolipata Lars Onsager mwaka 1944. Lisipokaribia, programu ina hitilafu, usiende mbele. Likikubali, ongeza tabaka uone namba ikipanda kuelekea 4.51 ya fuwele nene.

Hapa sasa nawasihi: msiridhike na wastani wa filamu nzima. Hifadhini usumaku wa kila tabaka. Mimi nilipochora tabaka zangu kila moja na mstari wake, ndipo nilipoelewa nilichokuwa nikikisoma vitabuni: uso unashuka mapema huku katikati pamesimama imara, jambo ambalo wastani ulikuwa umelifunika kabisa. Kisha ongeza nguvu ya J kati ya spini za usoni peke yake. Ikipita takriban mara 1.5 ya J ya ndani, mambo yanageuka: uso unajipanga ndani pakiwa bado vurugu. Sijui zoezi lingine linalofundisha mengi hivyo kwa mistari michache ya programu.

Baada ya Ising, nenda kwa modeli ya Heisenberg, ambamo spini huelekea kokote. Mermin na Wagner walithibitisha mwaka 1966 kwamba tabaka moja lisilopendelea mwelekeo wowote haliwezi kujipanga juu ya sifuri kamili. Uso wenyewe ndio huleta upendeleo huo, kama Louis Néel alivyoeleza mwaka 1954, na ndiyo sababu kobalti ya unene wa karibu nanomita 1 juu ya platini huelekeza usumaku wake wima. Mwaka 2017 tabaka moja la kromiamu iodidi lilionekana likiwa sumaku hadi kelvini 45.

Karibu na joto la Curie, kugeuza spini moja moja kunachosha mashine. Kwa Ising tumia mbinu ya Wolff, inayogeuza kundi zima. Na kwa sababu umeme wetu hukatika, andika spini zote kwenye faili mara kwa mara, pamoja na hali ya kizalishi cha namba nasibu, ili ukirudi hesabu iendelee pale pale ilipokatikia.